Mkalimani wa Mwaka Huu

Kimie alikuwa ameshatolewa damu, ameshapigwa picha na kibao cha namba kifuani, ameshaminywa shingo kutafutwa uvimbe. Ilibaki meza ya mwisho, ya maswali. Kila mwaka meli nyeupe ya madaktari wa Kimarekani ilitia nanga kisiwani Rongelap, na wote walioangukiwa na ule unga wenye sumu wa bomu la majaribio miaka kumi na minane nyuma walipanda kupimwa, watake wasitake.

"Leo utasema?" aliuliza Neibwe, jirani yake mzee, kwenye foleni.

"Nitasema, bibi. Nimemwahidi mume wangu."

"Wote watatu?"

"Wote. Na huyu pia." Alijigusa tumbo haraka, akashusha mkono.

Mimba ya kwanza ilitoka. Mtoto wa pili alizaliwa laini, kama hana mifupa. Wa tatu, Juni iliyopita, alipumua hadi adhuhuri. Wawili wa mwanzo Kimie aliwaficha, wakajua mumewe na Neibwe tu, maana midomo ya watu ilikuwa tayari kusema mtoto wa namna ile huzaliwa na mwanamke aliyetoka nje ya ndoa. Aibu ilimla miaka yote hiyo. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minne, na hospitali ya mbali walipelekwa wale tu ambao karatasi ilisema wana shida. Karatasi yake ilisema yu mzima.

Alipofika mezani alisita. Palipokaa kila mwaka yule mama mkalimani kutoka kisiwa cha Majuro, alikaa Jiton.

"Mama yule je?" Kimie alinong'ona.

"Hawakumleta. Wanasema fedha hazikutosha," Jiton alijibu, macho kwenye kalamu. "Wakanichukua mimi, najua Kiingereza."

Jiton alikuwa mtoto wa mama yake mkubwa, kwa mila ni kaka yake hasa. Na mbele ya kaka mwanamke wa visiwa hivi hataji tumbo, hataji uzazi, hata ajifie. Meli nzima ya wasomi, na hakuna aliyefikiria kuuliza hilo.

Daktari, kijana mwenye uso mwema, aliuliza huku akizungusha kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe. Kimie alielewa kabla ya tafsiri. Jiton alielewa pia, masikio yalimwiva.

"Anauliza..." Aligeuza kalamu mkononi. "Anauliza kama unalala vizuri."

Kimie alitazama mikono yake. Angeweza kusema.

"Nalala vizuri, kaka."

Jiton alisema neno moja fupi la Kiingereza. Daktari akaandika sifuri. Kimie alisoma shule ya misheni; sifuri aliijua.

Akainua vidole vitatu.

Daktari alivitazama, akacheka kwa furaha, akafungua kopo lake na kumhesabia peremende tatu. Za watoto! Watu kwenye foleni walicheka naye, isipokuwa Neibwe. Jiton alikisia vile vidole vilikuwa vya nini, kwa kuwa kaburi la Juni alilichimba yeye. Akainamia karatasi.

Kimie aliziweka peremende mbele ya kaka yake, moja moja.

"Wapelekee wanao, kaka. Wangu nimewazika watatu. Wa nne yumo tumboni, na naogopa."

Alilisema kwa sauti, na foleni nzima ikainamisha vichwa kwa haya. Kimie mwenyewe uso ulimwaka kana kwamba amevuliwa nguo. Hata hivyo alisimama pale pale, akingoja.

Daktari alimgeukia mkalimani, kalamu tayari. "Anasemaje?"

Jiton alijifuta jasho.

"Anashukuru," alisema.