Mkate wa Wifi

Miaka ishirini na sita nimeoka mkate wa meza ya Bwana, na miaka hiyo yote sijawahi kuumega. Kazi yangu inaishia mlangoni. Naukabidhi ukiwa kwenye kitambaa cheupe nilichokifua na kukipiga pasi mwenyewe, mzee wa kanisa anaupokea kwa mikono miwili utadhani ameukanda yeye, nami narudi benchi la nyuma. Nimechoka. Nalisema mapema usije ukadhani nina hasira. Hasira inataka nguvu.

Aliyekuwa akinichekesha ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Kanisa zima lilimwita Tarumbeta kwa ile sauti yake. Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukiosha vikombe pamoja kwenye chumba cha nyuma, mikono kwenye karai moja, na mchezo wetu ulikuwa uleule: ingekuwaje kama dini hii ingeachiwa wanawake tangu siku ya kwanza?

"Mahubiri yangekuwa dakika kumi," alisema yeye. "Anayehubiri saa nzima nyumbani hasikilizwi."

"Na karibu na madhabahu pangekuwa na bomba la maji," nilisema mimi.

"Na vikao vingekuwa na mwisho."

Tulicheka mpaka mzee wa kanisa akachungulia. Ila mara nyingine wifi aliacha kucheka ghafla. "Lakini wifi, msalabani walibaki kina nani? Wanaume wakajifungia ndani. Kaburini alfajiri wakaenda kina nani? Tumegeuka kidogo tu, tukakuta viti vyote vimekaliwa."

Jumamosi iliyopita, mchana, binti yake alinipigia simu. Ni fundi cherehani, na ndiye aliyekuwa akimuuguza. "Anti, njoo. Mama anataka mkate wa Bwana."

Nikachukua mkate niliouoka asubuhi kwa ajili ya kesho yake, nikaenda. Nilimkuta wifi kwenye chumba cha kushonea, kitanda kimebanwa kati ya cherehani na dirisha, maana ndicho chumba chenye hewa. Ile tarumbeta ilikuwa imekwisha. Ilibidi nitege sikio karibu na mdomo wake.

Nikampigia mchungaji. Simu ilipokelewa na katibu, kwa kunong'ona.

"Tuko kikaoni, mama."

"Wifi yangu anakata roho. Anataka kushiriki."

"Tukimaliza atakuja. Tuko kwenye ajenda yenu wanawake."

Ajenda yetu ilikuwa hii: je, mwanamke anaweza kugawa meza ya Bwana? Ina mwaka wa tatu sasa, inaahirishwa na kurudi. Chai ya kikao hicho nilikuwa nimeichemsha mimi, saa nne asubuhi.

Tukangoja. Ikafika saa nane, ikafika saa tisa. Binti akaacha kujifanya anashona. Wifi akafumbua macho, akatazama kitambaa mapajani mwangu.

"Umeoka leo?"

"Asubuhi."

"Basi nipe wewe."

Najua ulichotarajia. Hata mimi, miaka yote ile kwenye karai, nilikuwa na hakika siku kama hiyo ningefanya nini. Mkate ulikuwepo na mikono ilikuwepo. Nikasema, "Subiri kidogo, wifi. Mchungaji yuko njiani."

Hakuwa njiani. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Je, kama kweli mkono wangu haufai, nikamsindikiza mtu kwa Mungu na kipande cha mkate mtupu? Kuwacheka wazee ukiwa na sabuni mikononi ni rahisi. Pale hapakuwa na wa kumcheka.

Wifi alinitazama bila kukasirika. "Haya," akasema, kwa ile namna ya mtu aliyekwishazoea kuambiwa asubiri. Saa kumi na robo akaacha kupumua.

Mchungaji aliingia saa kumi na moja. Si mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza kama marehemu aliwahi kushiriki kabla ya kukata roho.

"Hapana. Aliniomba mimi, nikamwambia akungoje."

Akainua kichwa. "Si ungempa tu, mama? Mtu akiwa mahututi na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaruhusiwa, mwanamume kwa mwanamke. Imo kwenye kitabu cha taratibu, tangu zamani."

Kitabu hicho kiko kwenye kabati la ofisi. Kila Ijumaa nalifuta vumbi kabati hilo.

"Mbona hatukuambiwa?"

Alifikiri kweli, nampa haki yake. "Sikumbuki kama kuna aliyeuliza."

Alipotoka wakaja wanawake wa kwaya kumwosha wifi. Tuliingiza mikono kwenye karai moja, na hakuna aliyecheka. Nikawa namjibu moyoni lile swali letu. Tungekosea na sisi, wifi, tena sana, na viti tungevigombania. Lakini jambo kama hili lingezunguka kanisa zima kabla vikombe havijakauka. Wale wanawake wa kaburini hawakupewa kiti. Walipewa kazi moja tu, kwenda kuwaambia wengine, na mimi, niliyepaswa kumwambia alikuwa amelala pale, nimechelewa.

Basi nikawaambia waliobaki. Niliwaambia yote, hata lile la kudanganya. Mmoja wao, muuza vitambaa, ana mama yake mahututi nyumbani, hajala kwa siku tatu. Aliacha kuosha, maji yakawa yanamchuruzika viwikoni.

"Mtu yeyote?" akauliza. "Hata mimi?"

"Hata wewe."

Nikafuta mikono, nikampa mkate wa wifi, na kitambaa chake. Akatoka karibu anakimbia. Wa kesho, nikajiambia, nitauoka nikipata nguvu.