Maji ya Mguu wa Ambokile

Asubuhi ya siku ya kuchuma chai, Ambokile alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akajaribu kuvaa mabuti ya mvua. Mguu wa kulia uliingia mpaka kwenye kifundo, ukagoma. Wa kushoto haukuingia kabisa. Yalikuwa mabuti yake yaleyale, aliyoyavua juzi na kuyaegesha ukutani. Mkewe Loyce, aliyekuwa akimenya ndizi za kupika, aliweka kisu chini, akachuchumaa mbele yake, akaubonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Shimo likabaki. Kisha shimo likajaa maji.

Maji yalikuwa safi na ya baridi, kama yale yanayotoka chini ya mawe upande wa mlima Rungwe. Yalijaa, yakafurika, yakateremkia kwenye unyayo mpaka sakafuni. Loyce alivuta beseni la kuoshea vyombo akaliweka chini ya mguu.

"Inauma?"

"Haiumi. Naona mguu unakuwa mwepesi."

"Basi tulia, usinimwagie jikoni."

Beseni lilipojaa, alimpelekea ng'ombe. Ng'ombe akanywa yote. Ambokile akavaa mabuti, akabeba tenga lake, akateremka shambani.

Tangu siku hiyo ikawa kazi ya kila asubuhi, baada ya kufagia na kabla ya kuinjika chai. Kanisani, Ambokile alipopiga magoti, miguu yake ilitoa sauti kama mtungi unaoinamishwa, na watu wa benchi la nyuma walisubiri iishe ndipo waendelee kusali. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, jirani yake Vicent alimtazama akishuka mteremko polepole.

"Shemeji, umemeza Mto Kiwira?"

"Nusu yake tu," alisema Ambokile. "Nusu nimewaachia ninyi."

Watu wakacheka, wakaendelea kupanga matenga.

Ambokile alikuwa akichomwa sindano kwenye zahanati kila baada ya wiki tatu. Alikuwa amewaambia watu wote, mkewe pia, kwamba ni za mgongo. Tabibu wa zahanati, Godwin, kijana mrefu aliyehamishiwa huko kutoka Shinyanga na ambaye hakuwahi kuizoea baridi ya Kawetele, alimsikiliza moyo, akampima mkojo na presha, kisha akavaa tena koti lake.

"Moyo mzima, figo hazina shida. Presha imepanda kidogo. Hii ni dozi, kaka. Tunakuchoma nyingi kwa mkupuo halafu tunakaa muda mrefu. Siku za mwanzo homoni ya kiume inajaa kupita kiasi, na mwili unachukua sehemu yake unaigeuza homoni ya kike. Hizo mbili zisipolingana, mwili unashika chumvi. Chumvi nayo inashika maji."

"Yanatoka, lakini. Mke wangu anakinga."

"Safi au yana rangi?"

"Safi."

Godwin aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba barabara ya Tukuyu inapitika.

"Nenda Mbeya ukapimwe homoni zote mbili. Majibu yakija tutaigawa dozi, kidogo kidogo, kila wiki. Usiache sindano ghafla, utalala mchana kutwa kama zamani. Na chumvi, mwambie mama apunguze."

Ambokile alisema atakwenda. Hakwenda. Safari ya Mbeya ingehitaji maelezo nyumbani, na hakuna mgongo unaopimwa homoni.

Wiki hiyohiyo greda la kuchonga barabara lilikata bomba la kijiji. Mvua ilikuwa ikinyesha kila siku, na mto chini ya migomba ulikuwa umejaa tope jekundu. Loyce aliacha kumpa ng'ombe maji ya asubuhi, akaanza kuyaweka kwenye pipa la bluu nyuma ya jiko. Alifulia, akapikia maharage. Siku ya kwanza ya kuyanywa, alichota kikombe akiwa amesimama, akanywa mpaka mwisho, akajua.

Alijua kama mtu anavyojua kwamba moto jikoni umezimika, bila kuambiwa. Alijua kwamba Ambokile alipokuwa kijana mdogo aliugua matumbwitumbwi, na ugonjwa ukashuka mpaka kwenye korodani ukaziua nguvu. Alijua kwamba sindano zilikuwa za homoni ya kiume, kwa sababu mwili wake haukuitengeneza ya kutosha. Zilimrudishia ndevu na nguvu za kupanda mteremko, ila mtoto hazikuweza kumpa, na daktari wa Mbeya alimwambia hivyo waziwazi. Alijua pia kwamba daktari alimwambia kabla ng'ombe wa mahari hawajapelekwa kwao Lupepo.

Aliosha kikombe akakining'iniza kwenye msumari. Ambokile aliporudi alimkuta akipepeta mchele.

"Mgongo wako ni mzima," alisema Loyce.

Ambokile alitazama pipa.

"Umekunywa."

"Nimekunywa. Mama yako ananiita gogo la mgomba lisilozaa, kila Jumapili, mbele ya wageni. Na wewe unakaa pale unakula."

"Nilitaka kukwambia."

"Sasa waambie wao."

"Nitasema," alisema Ambokile. Akakaa, akanyoosha miguu, naye Loyce akaleta beseni, kwa sababu ilikuwa imejaa tena.

Hakusema. Ila habari ilisambaa kwa namna yake. Esnath, dada yake Ambokile, alikuja kuomba maji ndoo moja, akaonja hapohapo. Akaiweka ndoo miguuni.

"Pole, wifi," alisema.

"Asante."

"Nisaidie kujitwisha."

Loyce akamtwisha. Jioni ileile Esnath alikaa na mama yake wakizungumzia binti mmoja wa kijiji cha Matwebe anayeitwa Jenifer, mpole, ambaye dada zake wote wamezaa mfululizo.

Kikao cha ukoo kilipangwa kwa Alhamisi, baada ya kuuza majani. Kila mtu alijua kitakachosemwa. Mzee Andongwisye, baba yake Ambokile, ndiye angekuwa na neno la mwisho, na kwake ndiko Loyce asikoweza kufika. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe. Hasemi naye, hapiti mbele yake, hamtazami usoni. Mzee alikuwa na tabia ya kukohoa kila anapokaribia kona ya nyumba, na Loyce akisikia kikohozi aliacha alichoshika akaingia migombani mpaka apite. Miaka yote aliyokaa kwenye boma lile, mzee hakuwahi kuisikia sauti yake. Ujumbe ulipitia kwa mama mkwe au kwa Esnath, na kwa njia hiyo hakuna ujumbe wa Loyce uliokuwa umewahi kufika mzima.

Lakini chai ilifika. Chai ya mkamwana ilibebwa na Esnath, ikanywewa.

Alhamisi asubuhi Loyce alimkinga mumewe kwa muda mrefu kuliko siku zote. Alibonyeza mguu mmoja, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza. Ambokile alikuwa akimwangalia utosini.

"Unafanya makusudi," alisema.

"Wewe umesema utasema. Mimi napika chai tu."

"Na nikisema?"

"Ukisema, watakuwa wamekunywa bure. Sitakasirika."

Aliyachuja maji kwa kitambaa cheupe ingawa hayakuwa na taka. Aliweka majani ya chai, maziwa, tangawizi na sukari ya kutosha. Akamimina kwenye birika kubwa, akaliweka kwenye sinia pamoja na vikombe, akafunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe kabla ya ndoa. Esnath akabeba. Loyce akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo sauti za sebuleni hufika na yeye haonekani.

Alisikia baba mdogo wa Ambokile, Meshaki, akiomba. Alisikia vikombe. Kisha hakusikia kitu kwa muda, na hapo akajua kwamba wanakunywa.

Ndani, wote walikunywa. Mama mkwe alikunywa akaangalia mapaja yake. Meshaki alikunywa, akapuliza, akanywa tena. Mzee Andongwisye alikunywa taratibu mpaka kwenye masalia ya majani, kama alivyozoea, akaweka kikombe chini.

"Chai nzuri," alisema mzee. "Maji mepesi. Ndaga, mwanangu." Akarudisha shukrani kwa Esnath, kwa sababu ndiye aliyeileta.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Tumejua."

"Tumejua," alisema Meshaki.

"Mimi yale matumbwitumbwi nayakumbuka," alisema mama mkwe. "Tulimfunga majani ya moto shingoni. Hatukutazama kule chini. Nani angetazama?"

Mvua ilianza tena juu ya bati, ya kawaida, ya mchana.

"Ambokile," alisema mzee, "una neno?"

Ambokile alikuwa amekaa miguu juu ya stuli. Alifungua mdomo. Mdomo ulikuwa umejaa maji. Angeweza kuyatema dirishani, dirisha lilikuwa wazi na karibu. Alimtazama baba yake, akamtazama Meshaki, ambaye watoto wake walikuwa wakicheza uani, akameza. Miguu yake ikavimba zaidi, stuli ikalia.

"Sina, baba."

"Basi nyumba haiwezi kukaa bila jina," alisema mzee. "Mkamwana arudi kwao apumzike. Aletwe yule wa Matwebe."

"Na yule wa Matwebe atazaaje?" aliuliza Esnath. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama ndizi zitatosha.

"Tutaona," alisema mama mkwe.

"Jambo tumelijua humu ndani," alisema Meshaki. "Lakini mwanamume hawezi kusemwa hivyo barabarani, kwenye kituo cha chai, kwa kina Vicent. Mwanamke anaweza kusemwa. Wameshazoea."

Wakafunga kikao kwa sala.

Nyuma ya ukuta Loyce alikuwa amesikia kila neno. Kikohozi cha mzee kilisikika kwenye kona ya nyumba. Loyce akaingia migombani, akasimama kwenye matone, mpaka alipopita.

Kaka yake Reuben alikuja kumchukua Jumamosi na pikipiki ya kukodi. Loyce alifunga godoro, sufuria mbili alizokuja nazo na kitambaa chake cha kudarizi. Ambokile alisimama mlangoni bila viatu, kwa kuwa vyote vilikuwa vimemkataa.

"Pipa limejaa," Loyce alimwambia. "Maharage yako nimeyapika bila chumvi. Mwambie atakayekuja na yeye asitie."

"Nitamwambia."

"Utasema?"

Reuben alikaza kamba ya godoro, akasema barabara inateleza, ni vizuri waondoke kabla mvua haijazidi. Hakuwa amekunywa maji yale. Njiani, karibu na Lupepo, alimwambia dada yake asihuzunike sana, wako wanawake wengi wasiozaa na wanaishi.

Sasa hapakuwa na wa kumficha, kwa hiyo Ambokile alikwenda Mbeya kupimwa. Majibu yalikuwa kama Godwin alivyosema: homoni ya kiume juu sana siku za mwanzo, ya kike nayo juu. Dozi ikagawanywa, ikawa ndogo ya kila wiki. Akapunguza chumvi. Akatembea kila jioni mpaka kanisani na kurudi. Presha ikashuka. Shimo la kidole gumba likawa linajaa nusu, kisha unyevu tu, kisha likawa halibaki. Mifupa ya vifundo ikaonekana tena. Majirani waliokuwa wakija na ndoo kuomba maji ya kufulia walinung'unika siku chache, lakini bomba lilikuwa limeshaungwa.

"Zimelingana," alisema Godwin, akimbonyeza mguu. "Hivi ndivyo tunavyotaka. Endelea hivihivi. Mama anaendeleaje?"

"Yupo kwao."

"Amekwenda kusalimia?"

"Ndiyo," alisema Ambokile, akakunjua mguu wa suruali.

Jenifer aliletwa baada ya mavuno ya maharage, kwa nyimbo. Alikuwa na mikono yenye nguvu na aliamka mapema. Siku ya wakwe kuja kumwona anavyoshika jiko, bomba lilitoa upepo mtupu tangu asubuhi. Aliona pipa la bluu nyuma ya jiko, akalifunua. Chini kabisa kulikuwa na maji kiasi, safi, ya baridi, ambayo hayakuwa yameota ukijani wala kuingia mdudu. Akayachota yote. Alipika chai ya maziwa na tangawizi, akapanga vikombe kwenye sinia.

Kabla ya kumwita Esnath aje kubeba, alimimina kidogo kwenye kikombe chake ili aone kama sukari imetosha. Akanywa. Alisimama pale, kikombe mkononi, akiangalia mvuke ukitoka kwenye birika.

Sukari ilikuwa imetosha.

Kikohozi cha Mzee Andongwisye kikasikika kwenye kona ya nyumba. Jenifer akaweka kikombe chini, akaingia migombani.