Mshona Hewa

"Katika bustani hii hakuna mwenye mabawa asiyenijua," alisema Manyoya, mtunza ndege, mbele ya wageni, kifua mbele kama mlango uliosahaulika wazi. "Huyu korongo nimemlea tangu kifaranga asiyejua hata kusimama. Hachezi na mtu mwingine. Tazameni!"

Wageni wakatazama. Manyoya akapiga mluzi. Korongo, mwenye mashavu meupe na shungi la dhahabu lililosimama kichwani kama miali ya jua iliyochorwa na mtoto, alimwangalia kwa jicho moja, kisha akamgeuzia mgongo. Akatembea kwa madaha hadi upande wa pili wa kizimba, ambako fundi wa nyavu alikuwa amepiga magoti akishona mahali palipochanwa na tawi. Hapo akakunjua mabawa, akainamisha shingo, akaruka. Akaokota kijiti, akakirusha juu, akainama tena.

Makofi yalilia. Hata moja halikuwa la Manyoya.

"Kaka Manyoya," aliita mkata tiketi kutoka dirishani kwake, "wanasema mcheza kwao hutunzwa. Leo ndege wako kachezea kwa jirani, au?"

"Ndege kachoka tu, dada."

"Kachoka, na anavyoruka vile? Labda kachoka na wewe!"

Fundi mwenyewe, waliyemwita Sindano kwa kazi yake na kwa wembamba wake, kwa kuwa ukimtazama kwa upande unaweza kumkosa, wala hakugeuka. Alikuwa akishona. Hilo ndilo lililomchoma Manyoya kuliko yote. Mwizi anayejua kuwa anaiba unaweza kumkamata. Asiyejua, utamshika wapi?

Tangu siku hiyo wivu ulihamia kifuani mwa Manyoya na kutandika mkeka. Sindano akikohoa, Manyoya alisikia majigambo. Sindano akisalimia, alisikia dharau. Kila alipopita kwenye kizimba cha ndege hondohondo, alisimama kuutazama mti ambamo jike alijifungia na mayai yake, tundu likazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitishia chakula tu, na aliyepaswa kukileta ni dume wake peke yake. Alimwonea gere yule dume mwenye mdomo kama jambia. Huyo, alijisemea, anajua kutunza chake.

Mambo yaliharibika zaidi mkuu wa bustani alipomwita kando.

"Korongo anahamia kizimba cha ziwani kesho. Ndege wa namna hii huchagua mtu wake, na mimi sitaki afe kwa kihoro. Sindano nimemwomba abaki bustanini kama mtunza ndege, hata nyavu zikiisha. Kesho asubuhi nitapita. Atakayechezewa ndiye atakayekwenda naye."

"Na mwingine, mkuu?"

"Mwingine atasaidia kwa mbuni."

"Kwa mbuni!"

"Mbuni nao wanahitaji kupendwa, ndugu yangu."

Mchana ule Manyoya alijibanza nyuma ya ghala, akamkodolea macho mpinzani wake. Jicho la wivu lina faida moja: halipepesi. Aliona Sindano akiuvuta uzi mrefu, mkono ukifunguka taratibu kama bawa. Aliona kichwa kikiinama kuukata uzi kwa meno. Aliona kipande cha uzi kikitupwa juu ya bega. Uvute, uiname, utupe. Manyoya nusura acheke. Kumbe! Fundi alikuwa akishona wavu, na korongo alikuwa akiona posa.

Wenzake walipokwenda kula, aliingia kizimbani kwa mlango wa nyuma. Hakuwa na uzi wala sindano. Akapiga magoti, akaanza kushona hewa. Akavuta, akainama, akatupa.

"Njoo, mama," alinong'ona. "Umenisahau? Nani alikufunika kwa sweta mvua ilipokuwa ikikutetemesha? Yule anajua nini? Anajua matundu tu."

Korongo akasogea. Akasita. Kisha mabawa yakafunguka, meupe na rangi ya kahawia, na shingo ikashuka hadi karibu na ardhi. Manyoya naye akashuka. Korongo akaruka, vumbi likaruka naye. Manyoya, mtu mzima mwenye mke na kitambi, alirukaruka kwa magoti huku machozi yakimlenga. Kwa muda ule mfupi dunia nzima ilimrudia.

Halafu akaona jambo. Korongo hakuwa akiinama alipoinama yeye. Alichelewa, au aliwahi, kama anayecheza ngoma nyingine. Na jicho lake, jicho lile la kijivu, halikuwa kwake. Lilikuwa juu.

Manyoya aliinua uso polepole, kama mtu anayeogopa kumwagika.

Juu ya paa la wavu, amelala kifudifudi kwenye ubao, Sindano alikuwa akimalizia tundu la mwisho. Mkono wake ulikuwa umenyooka, uzi umekazwa. Hakuwa amekwenda kula.

Walitazamana. Sindano aliutoa uzi mdomoni. Hakucheka, na Manyoya alitamani mno acheke.

"Kaka," aliuliza kwa sauti ya chini, "kwani huyu mvua huwa anaiogopa bado?"

Manyoya alibaki amepiga magoti, mkono hewani, vidole vimebana uzi usiokuwapo. Kati yao korongo alisimama kwa mguu mmoja, akingoja nani atainama kwanza.