Matundu Yaliyotangulia Risasi

Asubuhi ya kugawa fulana za kuzuia risasi, mama mtunza bohari alichemsha chai, akafungua maboksi. Fulana zilikuwa mpya, bado zinanuka gundi. Nyingine zikivaliwa tu zilitoboka, hii tumboni, ile mgongoni, kila askari akaona risasi yake itakapopitia. Ambao zao zilibaki nzima walimshukuru Mungu. Waliotobokewa waliuliza kama kuna saizi kubwa zaidi.

Kitinda mimba wake naye alikuwa kwenye foleni. Yake ilitoboka kushoto, juu ya moyo.

"Ivue, nikupe nyingine," mama akasema.

Nyingine ikatoboka pale pale. Jamani, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama akawa mbogo, akafunga bohari, akamwita mkaguzi wa wizara.

Mkaguzi alikuja na tai nzuri, zawadi ya mzabuni aliyeuza fulana hizo. Alitia kidole tunduni, kikatokea upande wa pili.

"Hizi zilifaulu jaribio," akasema.

"Mlijaribu ipi?"

"Sampuli. Aliileta mzabuni mwenyewe."

"Iko wapi?"

"Anayo. Huileta kila zabuni. Ile fulana ni nzuri, mama, acha tu."

Mama akaomba kikosi kisiondoke kwenda vitani. Mkaguzi alimwonea huruma kweli, machozi yakamlengalenga. Lakini kanuni zilitaja uzito, rangi na mshono. Kuhusu tundu linalotangulia risasi zilikaa kimya. Kuzikataa kwa ajili ya risasi ambayo haijapigwa kungekuwa kumwonea mfanyabiashara wa watu.

Hata hivyo, serikali si jiwe. Ikatangazwa zabuni ya dharura ya viraka. Alishinda mzabuni yule yule, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na uzoefu na matundu hayo.

Viraka vilifika, rangi sahihi kabisa. Mama alishona cha mwanawe kwa mkono, akirudia mshono juu ya mshono, huku analia bila kujificha. Alipokata uzi, kiraka nacho kikatoboka.

Nje, lori likapiga honi. Kijana akavaa, akafunga mikanda.

"Usijali, mama. Angalau inapitisha hewa."

Mama akacheka, maana mtoto huyu alikuwa na utani tangu mdogo. Kisha akaingiza kidole tunduni, akausikia moyo ukidunda, akakiacha hapo mpaka dereva alipomwomba akitoe.