Mwanga wa Kusingiziwa

Mwenye nyumba alikuwa amenipa onyo la mwisho, tena la maandishi: nikichomelea chuma baada ya saa kumi na mbili jioni, nihame. Eti mwanga wangu unaumiza macho ya wapangaji wake. Mimi fundi, karakana nyingine sina, na mke wangu amechoka kufunga virago.

Kwa hiyo saa moja kasoro robo, mwanga mweupe ulipomulika mtaa mzima, hakuna mpangaji aliyejisumbua kutazama juu. Wote walitazama kwangu.

Mwenye nyumba alifika mbiombio, kandambili moja nyekundu, nyingine nyeusi, wapangaji nyuma yake.

"Fundi, nilikwambia nini?"

"Sijachomelea, mzee wangu."

"Basi ule mwanga ulikuwa wa nini?"

Mwanga wenyewe sikuuona. Nilikuwa nimejilaza nyuma ya geti la mteja, geti ambalo lilitakiwa kuwa tayari tangu Jumatatu.

Mtu pekee aliyekuwa nje wakati ule ni mama mkwe, kakaa mlangoni anashona kifungo. Mama mkwe amenichunia mwaka wa pili sasa, tangu kiti nilichomtengenezea kimwangushe mbele ya wageni. Tukiwa mezani humwambia binti yake, "Mwambie mumeo asogeze chumvi," na mumeo mwenyewe nimekaa hapo hapo. Roho ikawa juu. Nikajua leo na mimi naangushwa mbele ya watu.

"Kimondo," akasema, macho kwenye kifungo. "Kimepita juu ya paa, kikakatika vipande viwili, kikazimikia kule kwenye mnara wa simu. Kizuri kweli."

"Mama, una hakika si huyu?"

"Huyu? Huyu kalala tangu saa tisa. Anakoroma mpaka nimejichoma sindano mara mbili."

Wapangaji wakacheka. Mwenye nyumba akaigusa mashine yangu kwa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Ilikuwa baridi. Akanitazama kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko onyo lake, akaondoka na kandambili zake.

Nilishikwa na aibu na furaha kwa pamoja, nisijue nianze na ipi.

"Asante, mama."

Akakata uzi kwa meno. Kisha akaniangalia mimi, si mke wangu, usoni kabisa.

"Kiti changu," akasema. "Kesho. Kabla ya saa kumi na mbili."