Fundi Lifti Aliyeota Mbuzi

Fundi lifti alitoka mbio miguu mitupu, shati limefungwa kifungo kimoja, akaenda kumgongea mwenzake wa kazi saa moja asubuhi.

"Nimelala," akasema huku akihema. "Tangu saa tatu usiku, na sikuvuta kitu."

Mwenzake alijua uzito wa habari hiyo. Miezi minane nyuma walikuwa pamoja ndani ya lifti waliyokuwa wakiitengeneza, ikashuka nao ghorofa tatu kama jiwe. Mwenzake alivunjika mguu. Fundi alitoka bila hata mkwaruzo, watu wakampa hongera, kumbe ameumia pasipoonekana. Kila akifumba macho, sakafu inamtoka miguuni. Mlango ukibamizwa tu, anaruka. Akaanza kuvuta bangi apate walau lepe la usingizi: msokoto mmoja, kisha miwili, mwishowe hata mitatu ikawa haifui dafu, na asipovuta anatetemeka na kulowa jasho. Kazini wakamsimamisha.

Dada yake, mshona nguo aliyekuwa akiishi naye, hakumfokea. Alimuuliza tu, "Mdogo wangu, hicho kitu kinakulaza au kinakuzika?"

Wiki hiyohiyo akamshika mkono hadi zahanati. Mshauri wa huko akamwelekeza kupunguza kidogo kidogo, na kuisimulia ajali ile mwanzo hadi mwisho, tena na tena, mpaka ulimi uizoee. Alipoacha kabisa, wiki mbili za mwanzo zilikuwa moto. Ndoto zilirudi kwa fujo, dada akawa analala sebuleni ili amsikie akipiga kelele.

Na sasa habari hii.

"Hukuota?" mwenzake akauliza.

"Nimeota mbuzi. Anatafuna suruali yangu ya kazi, mimi navuta huku, yeye anavuta kule."

Mwenzake alicheka mpaka gongo lake la kutembelea likamponyoka. "Nani kashinda?"

"Mbuzi. Wala sina kinyongo naye."

Jumanne lifti ilirudi ndotoni. Fundi aliamka moyo ukimwenda mbio, mkono ukapapasa msokoto usiokuwepo. Akamwamsha dada yake, wakapiga soga mpaka kope zikawa nzito. Alhamisi akalala saa saba mfululizo. Jumapili alimpigia mwenzake simu, sauti imejaa furaha.

"Nimelala vizuri siku nne kati ya saba, ndugu yangu. Hata shuleni sikuwahi kupata alama kama hizo."