Kikohozi cha Mfalme wa Fizikia

Uvumi wenyewe ulihusu kikohozi. Mama Hatim, jirani wa ghorofa ya juu, aliuteremsha pamoja na kikapu chake cha kununulia mboga: ati Mista Shawki, yule wanayemwita Mfalme wa Fizikia, akifika kwenye swali litakalotoka katika mtihani wa Thanawiya, ule wa kumaliza sekondari, hukohoa. Hasemi kitu, maana kusema ni jela. Hukohoa tu, akaendelea na somo, na wenye masikio wakaandika. Hatim wake aliandika, na sasa Hatim anasomea udaktari.

"Kikohozi tu?" akauliza Inshirah kutoka roshani yake, shingo juu.

"Kikohozi tu, dada'ngu. Lakini cha mtu anayejua."

Inshirah alicheka, akaingia ndani kuchambua mchele. Mchele ukaisha kuchambuliwa, kikohozi kikabaki. Akakaanga vitunguu, akaanika nguo, akaswali. Kila alipoinama kilikuwapo. Yeye mwenyewe shule aliiacha alipomaliza ya msingi, akapelekwa kushona mifuko ya suruali hapo hapo mjini Mahalla. Fizikia kwake lilikuwa jina tu, kama jina la mji ambao hana ndugu. Lakini kikohozi alikijua. Hicho hakihitaji cheti.

Abrar, binti yake wa pekee, alikuwa anaingia mwaka wa tatu wa sekondari, mwaka ambao Misri nzima hushika pumzi, kwa kuwa alama za mtihani mmoja ndizo zinazosema huyu daktari, huyu karani, huyu akae nyumbani. Fizikia alikuwa akifundishwa na Abla Nagat, mwalimu wa shuleni, aliyebaki na wasichana wachache baada ya vipindi kwa ada ndogo. Mwaka uliotangulia Abrar alikuwa akitoka kwake anacheka. Siku moja aliining'iniza sufuria ya mama yake dirishani kwa kamba na vigurudumu vya uzi, apate kumwonyesha baba yake jinsi kapi linavyopunguza uzito. Sufuria ilianguka uani ikabonyea, na Inshirah akagomba kutwa.

"Mtoto anaelewa," alisema Sabri, mumewe, mfumaji wa kiwandani. "Unataka nini zaidi?"

"Nataka asikie kikohozi."

"Mama Abrar, ukitaka kikohozi kaa karibu nami. Vumbi la pamba limenijaa kifuani. Nitakukoholea bure mpaka uchoke."

"Wewe fanya mzaha. Wenzetu watoto wao wanavaa koti jeupe."

Ndipo alipomwita Abrar, akamuuliza kama anataka kwenda kwa Mfalme. Alimtazama mama yake usoni, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

"Wewe unaonaje, mama?"

"Mimi naona uende."

"Haya, mama."

Lile "haya" Inshirah alilichukua kuwa ndiyo.

Nafasi kwa Mfalme hukamatwa kiangazi. Inshirah alisimama kwenye foleni ya akina mama mbele ya kituo chake cha tuisheni, akatumia viwiko, akaipata. Basi, mlango mmoja ukifunguka mingine hujifungua yenyewe: anayesoma kwa Mfalme wa Fizikia ataachaje kwenda kwa Simba wa Kemia? Baada ya Simba akaja wa Biolojia, kisha wa Kiarabu, ingawa huyu wa Kiarabu hakuwa na cheo chochote. Alikuwa Bibi Samiha, mjane wa mtaa wa pili, mwenye wanafunzi wa kujaa meza moja ya chakula. Shule yenyewe Abrar aliiacha, kwa maana katika mwaka ule hakuna anayekwenda shule. Abla Nagat alimuaga kwa kumpa mkono.

Nyumba ikawa kama ya matanga. Runinga ilifunikwa shuka. Wageni walipigwa marufuku. Dada yake Inshirah alikuja kutoka Tanta na sinia la keki za basbusa, akapokewa mlangoni, sinia likaingia, yeye akabaki nje.

"Kuna maiti humu?" akauliza dada.

"Kuna Thanawiya."

"Afadhali maiti, angalau huzikwa," akasema dada, akageuka kushuka ngazi. Inshirah alimwona ana kinyongo, akajiambia atamtuliza baada ya matokeo. Kila kitu kiliahirishwa hadi baada ya matokeo.

Baridi ilipoingia, Abrar alianza kuvaa mtandio ndani ya nyumba. Humo hamkuwa na mwanamume ila baba yake, naye si wa kufichwa nywele. Lakini mtoto alikula nao, akasoma nao, akalala nao. Inshirah alipoliona hilo machozi yalimlengalenga kwa furaha. Alijua ni nadhiri. Mwanawe amejikabidhi kwa Mola wake hadi mtihani upite! Hakuweza kulificha.

"Abrar wangu siku hizi hata mbele ya babake hafunui kichwa," alimwambia Mama Hatim.

"Mashallah! Huyo atafaulu hata Mfalme asipokohoa."

Kwamba mtoto hali, Inshirah aliliona. Kwamba ukimsemesha anashtuka kama aliyemwagiwa maji, aliliona pia. Lakini nani anayekula vizuri mwaka wa Thanawiya? Alimpikia njiwa, alimpikia mlenda wa mulukhiya aupendao, ukarudi jikoni baridi.

Na njiwa ndio waliomfumbua macho. Aliwafuga juu ya paa, katika banda la mbao, na Abrar alikuwa na mazoea ya kusomea huko jua linapotoka. Asubuhi moja Inshirah alipanda kutafuta mayai yao. Akaingiza mkono ndani ya kiota, akakuta ni laini mno. Hakikuwa cha vijiti. Kilisukwa kwa nywele ndefu, nyeusi, zilizozungushwa vizuri kama uzi kwenye kigurudumu, na ncha za zile nywele zilikuwa na wekundu wa hina. Hina ile alikuwa ameipaka yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, Idi iliyopita.

Alikaa chini palepale kwenye mavi ya njiwa. Kiota cha pili kilikuwa vilevile.

Hakukumbuka alivyoshuka. Abrar alikuwa kitandani, ameinamia kijitabu cha Mfalme, mkono mmoja umeingia chini ya mtandio.

"Vua."

"Nasoma, mama."

"Vua, nimesema!"

Msichana hakuvua. Inshirah akavuta mwenyewe. Juu ya sikio la kushoto na kisogoni kote ngozi ilikuwa tupu, imetoka vijidoa vyekundu kama kuku aliyenyonyolewa. Zilizobaki zilining'inia mafungu mafungu.

"Nani amekufanya hivi?"

"Mikono," akasema Abrar, akaitazama kana kwamba si yake. "Siihisi inapokwenda. Nikiona swali nisilolielewa, inakwenda kichwani."

"Si umuulize mwalimu, mwanangu?"

Hapo Abrar akacheka, kicheko kibaya. "Nimuulize nani? Mimi simwoni, mama. Tuko ukumbi mzima, hata ngazini wamekaa. Mbele yangu kuna nguzo. Namwona mkono tu, unapochomoza kuandika. Ukinyoosha kidole, vijana wake wanakwambia andika kwenye simu, na simuni hajibu mtu."

"Na kikohozi?"

"Nilikuwa nakiandika. Kila akikohoa natia alama. Lakini tangu mwezi huu uanze ana mafua. Anakohoa kila swali, mama. Kila swali! Nimetia alama kitabu kizima."

Inshirah alitaka kulia, akaona hana haki hiyo. Akakikumbatia kile kichwa. "Basi. Yamekwisha. Huendi tena."

Alidhani anamfungua. Abrar alijichomoa, akapiga magoti sakafuni, akamshika mama yake pindo la gauni.

"Usinitoe! Kwa Mungu, mama, usinitoe! Ukinitoa, siku hiyo ndiyo atakapokohoa kweli!"

Hayo ndiyo yaliyomvunja Inshirah kuliko kiota. Uvumi aliouokota roshani, akaulea rohoni mwake kwa miezi, yeye ulikuwa umeanza kumtoka, lakini haukufa. Ulihamia kwa mtoto, ukajenga kiota.

Sabri alipoambiwa hakusema "si nilikwambia." Afadhali angesema. Alikaa kwenye kiti, akaangalia ukuta, akakohoa kikohozi chake cha pamba, na Abrar, kule chumbani, akanyamaza kusikiliza.

Mchana ule Inshirah alikwenda shuleni. Darasa la mwaka wa tatu lilikuwa na viti vilivyopinduliwa juu ya meza, na Abla Nagat, mama mnene mwenye miwani ya kamba, amekaa na wasichana wawili dirishani penye jua. Aliwapa swali la kufanya, akamtoa Inshirah nje ya darasa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwanza daktari," alisema. "Wa ngozi na wa akili pia. Usione haya."

"Na fizikia, Abla? Utampokea?"

"Nafasi ipo. Unaona mwenyewe zilivyo tele. Ila mimi sina kikohozi, Mama Abrar. Na nikwambie kweli: amepoteza miezi. Simwahidi udaktari. Sikuahidi hata kufaulu."

"Niahidi basi kitu kimoja. Chochote."

"Akisema haelewi, nitamsikia. Hapo tu ndipo ninapofika."

"Kwa hiyo tuisheni zote niziache?"

"Nani kasema? Mimi mwenyewe si nawatoza hawa? Huyu wa Kiarabu, anamjua mtoto kwa jina?"

"Anamjua. Juzi alipoona anasinzia alimpa kahawa."

"Huyo usimwache."

Abrar alirudi kwa Abla Nagat kwa kuburutwa. Siku za mwanzo, ilipofika saa ya Mfalme, alitazama saa, akashika kichwa. Daktari alisema mikono ipewe kazi. Basi Abla Nagat akawa anakuja nyumbani kwao baada ya shule, na Inshirah akaweka katikati ya meza sufuria ile iliyobonyea, wali wenye viungo, na majani ya mzabibu. Abrar anakunja mahshi, wali ndani ya jani, jani baada ya jani, vidole vimelowa mafuta, huku Abla anamweleza jinsi umeme unavyoamshwa na sumaku inayotembea. Mara ya kwanza Abrar aliposema "hapo sijaelewa" jani lilimpasukia mkononi. Abla Nagat akarudia. Inshirah, aliyekuwa jikoni, aliuma ncha ya mtandio wake asisikike.

Yalikunjwa mahshi mengi kuliko watakayoweza kula. Sinia moja Inshirah alilipeleka Tanta kwa dada yake, akakaribishwa ndani.

Haya si mambo yaliyotengemaa. Abrar amefanya mtihani, wa fizikia ametoka analia, na matokeo bado. Nywele zimeanza kuota laini kama za kifaranga, lakini wiki ya mtihani alizing'oa tena upande mmoja. Inshirah husimama mlangoni mwa chumba akasikiliza kama ile mikono ina kazi, na ukimya ukizidi, huingia. Anaogopa siku ya matokeo kama watu wanavyoogopa tetemeko. Akina mama wenye mabinti wa mwaka wa pili humwendea roshani, humuuliza kama tuisheni inafaa au haifai. Hasemi ndiyo, hasemi la. Huwaambia ya kuepuka tu, nayo ni haya:

Usimpeleke mtoto kwa mwalimu kwa sababu ya uvumi, hata uvumi huo ukitoka kwa jirani mwema.

Usilipe kabla ya kwenda kuona mwanao atakaa wapi. Tazama nguzo.

Usimwache mwalimu anayemjua mwanao kwa ajili ya mwalimu anayejulikana.

Usiongeze somo la pili kwa kuwa umeshaanza la kwanza.

Usimwondoe shule kwa kuwa wenzake wameondoka.

Usifunge mlango kwa ndugu.

Usimuulize mtoto swali ambalo jibu lake ameshaliona usoni mwako.

"Haya, mama" si ndiyo.

Akianza kujifunika ndani ya nyumba, usijisifu. Funua.